Barua ya wazi kwa viongozi wa Moshi: tusaidieni mfuko wa kutumika tena urudi sokoni

Kwa Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi.
Nakala: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) Kanda ya Kaskazini, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

YAH: MIFUKO YA KUBEBEA BIDHAA KATIKA MASOKO YETU

Ndugu viongozi wetu,

Salamu kutoka sokoni. Mimi ni mama muuza nafaka. Nauza maharage, mchele, mahindi, choroko na dengu, kwa kilo na kwa sado, na kila anayenunua kwangu lazima aondoke na kitu cha kubebea. Habari ya mifuko ninaishi nayo kutwa nzima. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu kazi nzuri iliyoanza mwaka 2019 imekwama njiani, na sisi tulio nyuma ya mizani tunaona ilipokwama.

Nianze kwa kutoa haki inapostahili. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni Dodoma kwamba ifikapo Juni 1 mwaka huohuo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo mtaani tunaiita rambo, itakuwa marufuku. Wengi tulidhani tangazo lile litapita tu. Kanuni za mwaka 2015 zilikuwa zimekwisha kukataza mifuko yenye unene chini ya maikroni 50 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini ni nani sokoni mwenye kifaa cha kupima maikroni? Rambo nyembamba na rambo nene ziliendelea kuning'inia kwenye msumari mmoja. Safari ya 2019 haikuuliza unene, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Juni ilipoingia, rambo zilitoweka mitaani. Vikapu vya ukindu vilivyokuwa vimetundikwa jikoni vikashushwa vikapanguswa vumbi. Kuna wauza nyama waliorudia majani ya mgomba. Yeyote anayesema Watanzania hawawezi kubadili mazoea hakuwa sokoni mwezi ule.

Leo zungukeni Soko Kuu, Mbuyuni, Manyema au Kiboriloni. Rambo yenye mikono hamtaiona. Mtakachoona kila meza ni nailoni nyeupe, laini, isiyo na mikono, ambayo kwenye maandishi inaitwa kifungashio. Kanuni za 2019 ziliacha nafasi kwa vifungashio vya plastiki kwa ajili ya huduma za afya, bidhaa za viwandani, kilimo, ujenzi, usindikaji wa vyakula na udhibiti wa taka, na ruhusa hiyo ina sababu zake. Korosho zilizofungwa kiwandani zinahitaji kifungashio. Lakini nailoni hiyohiyo sasa ndiyo inayobeba nyanya, matembele, dagaa, parachichi na nyama. Inapigwa fundo juu, basi, imekuwa mfuko. Serikali yenyewe imekumbusha zaidi ya mara moja kwamba kifungashio hakiruhusiwi kugeuzwa kibebeo. Ukumbusho unatoka na nailoni inabaki palepale.

Na kwa jambo moja nailoni hii ni mbaya kuliko rambo tuliyoizika: haitumiki mara ya pili. Rambo tulikuwa tunaikunja na kuiweka chini ya godoro, kesho yake mtoto anatumwa nayo dukani. Hii ukitaka kufungua fundo lazima uichane. Inatoka sokoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye taka, na maisha yake yameisha kabla maharage hayajaiva.

Hapa niwaombe tukae kidogo kwenye hizo taka, maana wengi wenu mmekulia kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na mnajua ng'ombe wa zizini anavyolishwa. Majani na magogo ya migomba hayatoshi, hasa kiangazi. Kwa hiyo watu wanashuka mjini kuchukua mabaki ya soko: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, maganda ya mahindi mabichi, matunda yaliyopondeka. Ni utaratibu mzuri mno. Taka ya mjini inageuka maziwa, samadi inarudi kwenye migomba na kahawa, na Manispaa inapungukiwa mzigo wa kupeleka dampo. Lakini ndani ya mabaki hayo zimo nailoni zenye chumvi ya dagaa na maji ya nyanya, na ng'ombe hana mikono ya kuchambua. Anameza. Nailoni haimeng'enywi. Inabaki kwenye tumbo lake la kwanza, inajikusanya na nyingine mpaka donge linachukua nafasi ya chakula. Ng'ombe anakonda huku anaonekana ameshiba, maziwa yanapungua, na mara nyingi sababu haijulikani mpaka siku anapochinjwa. Familia inayolipa mahitaji ya shule kwa maziwa ya ng'ombe mmoja inaweza kupoteza kila kitu kwa sababu ya kitu ambacho mteja alipewa bure. Naomba mlitafakari hili kwa uzito wake. Madhara ya plastiki tumezoea kuyasikia yakisimuliwa kwa habari za bahari na kasa, lakini hapa kwetu yameingia kwenye zizi.

Maji mnayajua. Masika yakianza nailoni zinaziba mitaro, na zile zisizoziba zinaishia kwenye mto Karanga na mto Rau, ambayo maji yake yanateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani, kisha baharini. Wavuvi wa perege kule chini hawakununua kitu kwetu lakini wanapokea takataka zetu.

Sasa niseme ninachoomba.

Kwanza kabisa, msianzie mezani kwa mama wa mchicha. Kanuni zilipanga adhabu kwa ngazi. Anayetengeneza au kuingiza mifuko iliyokatazwa anakabiliwa na faini kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1, au kifungo. Anayeuza ni kuanzia 100,000 hadi 500,000. Anayekutwa nayo ni 30,000 hadi 200,000. Aliyepanga viwango hivyo alielewa vizuri uzito wa kosa uko wapi. Mama wa mchicha haingizi nailoni nchini. Anainunua asubuhi kwa pakiti kwenye duka la mtaa wa jirani, duka limeitoa kwa mwenye jumla, na mwenye jumla anajua gari lililomletea. Mkimnyang'anya mama pakiti yake leo, kesho atanunua nyingine, kwa sababu mteja amesimama mbele yake mikono mitupu na akimwacha aende, mezani kwa jirani zipo. Huyu mama hana nguvu ya kukataa peke yake. Mwenye jumla anayo. Naye ana leseni, ana namba ya mlipakodi, ana stoo yenye mlango. Maafisa biashara wa Manispaa wakifuatana na NEMC na TBS wakaomba stakabadhi dukani, kisha wakafuata zile stakabadhi kwenda juu, watafika chanzo. Kifungashio halali kijulikane kimetengenezwa na nani na kwa bidhaa gani. Kisichojulikana kisishushwe stoo. Upande wa mpaka nao tuna bahati: wenzetu wa Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 28, 2017, kwa hiyo pale Holili pande zote mbili zina sababu ya kusaidiana.

Jambo la pili linahusu mfuko mbadala, huu wa rangirangi tunaouza kwa shilingi 200, 500 au zaidi kutegemea ukubwa. Wateja wangu wengi wanauita wa kitambaa na wanaamini ni pamba. Ukweli ni kwamba nao ni plastiki. Ni polipropilini iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi, halafu nyuzi zikabanwa kwa joto bila kufumwa. Ukiuchoma, unayeyuka. Sisemi hivi ili uondolewe. Mfuko huu una faida kubwa ukiwa imara, na kiwango kipo: uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, uthibitisho wa TBS, na jina la aliyeutengeneza. Tatizo ni kwamba mwingi uliopo sokoni haufiki hapo. Unauinua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Kilo tatu za mchele na mkono mmoja umeng'oka pale ulipogandishwa. Mteja anautupa, ananunua mwingine, na tunachokuwa tumefanya ni kubadilisha plastiki nyembamba kwa plastiki nene kidogo yenye rangi nzuri.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila diwani aijue. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea tangu malighafi hadi kutupwa. Waliuliza: mfuko mbadala utumike mara ngapi ndipo mchango wake katika kuongeza joto la dunia uwe sawa na ule wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja? Wa karatasi, mara 3. Huu wa polipropilini isiyofumwa, mara 11. Wa pamba, mara 131. Kwa hiyo mfuko mbadala unaochanika safari ya pili ni hasara tupu, hata kama uko ndani ya sheria. Na mfuko wa pamba unaogawiwa kwenye semina, ukaning'inizwa mlangoni usitumike, nao ni hasara. Faida yote iko kwenye kurudi. Mfuko ukirudi sokoni wiki baada ya wiki, tumeshinda. Usiporudi, haijalishi umetengenezwa kwa nini.

Swali ninalotaka mjiulize kwenye vikao vyenu basi ni hili: mfuko utarudije?

Ninachouza mimi kinakuja kwenye salfeti. Mchele, sukari, unga, maharage, vyote vinashuka kwenye salfeti za kilo 50 au 100, na zikishamiminwa zinabaki marundo nyuma ya kila duka la nafaka mjini hapa. Salfeti ni polipropilini ileile, ila imefumwa, na ndiyo maana inabeba gunia zima la mahindi kutoka shambani ikatupwa kwenye lori, ikashushwa, isichanike. Fundi cherehani akiikata, akakunja pindo mara mbili na kushona mkanda wa kushikia unaozunguka mpaka chini ya kitako, mnapata mkoba ambao mteja atachoka nao yeye kabla haujachoka wenyewe. Unafuliwa kwa sabuni, unaanikwa kivulini (jua kali la muda mrefu linadhoofisha nyuzi zake), kesho unaingia nao sokoni. Mafundi wachache wameshaanza kushona mikoba ya namna hii na wanajua kazi. Wanachokosa ni mtaji wa kununua salfeti kwa wingi, mashine za kushonea vitu vizito, na mahali pa kuuzia. Tahadhari moja tu, nayo isipuuzwe: salfeti za mbolea na za chakula cha mifugo kilichochanganywa dawa zisiguse mikoba ya chakula. Sisi wenye maduka ya nafaka tunaweza kuzitenga tangu mwanzo.

Mtaji upo mikononi mwenu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Naomba vikundi vya ushonaji wa mikoba vitazamwe kwa upendeleo kwenye mikopo hiyo, na vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA na vyeti vya ushonaji wasiambiwe tu wajiajiri, waonyeshwe kazi hii. Chuo Kikuu cha Ushirika tunacho hapahapa mjini, kiwasaidie vikundi hivi kuweka hesabu na kuuza kwa pamoja. Tena hiki si kitu kigeni kwetu. Moshi iliwahi kuwa na kiwanda chake cha magunia, na kahawa ya wazee wetu ilitoka hapa kwenye magunia yaliyotumika na kutumika tena tangu enzi KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, inaanzishwa mwaka 1933. Vikapu vya ukindu navyo vipo, na wafumaji wake ni wanawake ambao wangefurahi kuuzia wenyeji badala ya kusubiri watalii peke yao.

Lakini mkoba mzuri ukiwa nyumbani na mwenyewe yuko sokoni, nailoni inashinda. Hili ndilo linalotukwamisha kuliko yote. Mtu ametoka kazini, amepitia sokoni bila kupanga, hana kitu. Anayetoka Uru au Kibosho akiwa na safari yake ya hospitali anakumbuka nyanya wakati wa kurudi. Mtu huyu si mkaidi, amesahau tu. Kwake napendekeza mkoba wa amana. Wote tunaujua utaratibu wa chupa za soda: huondoki na chupa bila kuacha chupa nyingine au kuacha hela. Kwenye kila lango la soko kuwe na meza moja yenye mikoba ya salfeti au vikapu. Mteja anaacha amana, anabeba mkoba, na siku akiurudisha anachukua hela yake. Akikaa nao, ameununua. Kikundi kinachoshona ndicho kisimamie meza na kufua mikoba inayorudi. Manispaa itoe nafasi pale langoni bila kutoza ushuru kwa muda wa kujaribu, na ianze na soko moja, tuone kasoro zake kabla ya kupeleka kwingine.

Vitu vya majimaji navyo vinahitaji jibu la kweli, maana hapo ndipo wauzaji wanapotushinda kwa hoja. Nyama, samaki na mtindi huwezi kumimina kwenye kikapu. Nadhani tuanze kwa kuruhusu na kuhimiza waziwazi mteja aje na bakuli lenye mfuniko au ndoo ndogo, na muuzaji apime chombo kitupu kwanza kwenye mizani kabla ya kuweka nyama ili mteja asilipie uzito wa bakuli. Wateja wengi wanaogopa kuleta vyombo kwa sababu hiyo tu, wanahisi watapunjwa. Tangazo moja la Manispaa lililobandikwa kwenye kila bucha lingemaliza mabishano. Majani ya mgomba yanaweza kufungia nyama ya kawaida kwa safari ya kutoka bucha hadi nyumbani, na Moshi hatutakaa tuyakose. Mkoba wa nyama uwe peke yake na ufuliwe, usichanganywe na wa matunda. Sijui kwa nini elimu hii haitolewi kwa nguvu ileile ya matangazo ya kipindupindu, wakati maafisa afya wetu wanaweza kabisa kuitoa.

Jambo jingine ni dogo na linaweza kuanza wiki hii. Taka za masoko zitenganishwe palepale sokoni: pipa au kizimba kimoja cha mabaki ya mboga na matunda, kingine cha vilivyobaki. Wanaochukua chakula cha mifugo wachukue kwenye kile safi. Kamati za masoko tunaweza kusimamia wenyewe tukipewa vizimba na gari likija kwa wakati.

Nina matumaini, na sababu ya matumaini yangu ni mji wenyewe. Moshi imeshinda mashindano ya kitaifa ya usafi mara nyingi. Mgeni anayeshuka kwenye basi akatupa ganda la muwa chini anaambiwa na mtu asiyemjua, okota, hapa ni Moshi. Ndiyo, faini ya shilingi 50,000 ipo na watu wanaiogopa. Lakini mgambo hawezi kuwa kila kona, na bado barabara ni safi, kwa sababu wakazi wameamua kwamba uchafu ni aibu. Aibu hiyohiyo bado haijaifikia nailoni. Mtu anaona haya kutupa karatasi Double Road, ila haoni haya kutoka sokoni na nailoni saba mkononi zitakazoishia dampo la Kaloleni. Nyinyi mkionekana sokoni na kapu, viongozi wa dini wakilisema Jumapili na Ijumaa, walimu wakiwatuma watoto nyumbani na ujumbe, litageuka. Tulishaona likigeuka Juni 2019.

Ninaomba suala hili liwe ajenda kamili kwenye Baraza la Madiwani kabla ya mvua za masika, na wafanyabiashara wa masoko tualikwe tusikilizwe siku hiyo, wa mboga, wa nyama, wa nafaka na wenye maduka ya jumla pia. Mkikubali kujaribu meza ya mikoba ya amana, salfeti safi za kuanzia nitatoa mimi bila malipo, na nitawashawishi wenzangu wa nafaka watoe zao. Fundi wa kushona mikoba ya kwanza nimeshazungumza naye, yuko tayari. Tunasubiri mtuambie ni soko gani na ni lango lipi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama muuza nafaka, Moshi